Vitenge vya akiba: naftalini haisaidii, tena inaweza kuumiza mtoto

Katika nyumba nyingi za Bukavu, iwe Kadutu, Bagira ao Ibanda, kuna sanduku moja ambalo halifunguliwi ovyo. Ndani yake mna vitenge vya mahari, vya sikukuu, na kile kilichowekwa kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa. Kwa washonaji kuna pia gunia la vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, ambavyo siku moja vitaunganishwa kuwa kifuniko cha kitanda, mto ao mfuko. Ni akiba, sawa na franga za kuweka pembeni.

Ili akiba hiyo isiharibike, wamama wengi wanatupia ndani vidonge vyeupe vya naftalini. Harufu yake tunaijua wote. Lakini naftalini ilitengenezwa kwa ajili ya nondo, na viwavi vya nondo wa nguo wanakula sufu, hariri na manyoya. Kitenge ni pamba. Nondo huyo hana shida nacho. Na ukungu, ambao ndio unaharibu vitambaa vingi hapa kwetu, hauzuiliwi na kidonge kile.

Hatari iko kwa mtoto. Naftalini haiyeyuki kama sukari: inageuka hewa polepole, na hewa ile inaingia ndani ya kitambaa. Mtoto mchanga akifunikwa kitenge hicho ao akibebwa nacho, anaivuta puani na inapita pia kwenye ngozi, zaidi ikiwa amepakwa mafuta. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kitu kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huo unapatikana sana katika nchi zenye malaria, na kwa macho hauonekani. Kwa mtoto wa namna hiyo, naftalini inapasua chembe za damu: anapungukiwa damu, macho na ngozi vinakuwa vya manjano, na manjano ikizidi inaweza kuharibu ubongo. Madaktari wa Nigeria wameandika kuhusu watoto wachanga waliougua hivyo kwa sababu ya nguo zilizotunzwa na naftalini. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2008.

Kama vitenge vyako vimeshakaa nayo, toa vidonge, fua kila kitambaa kwa sabuni, kisha kianike mahali penye upepo siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa. Ndipo kimguse mtoto. Na mtoto mchanga akigeuka manjano ao mkojo wake ukawa mweusi-mweusi, asisubirishwe nyumbani hata siku moja: apelekwe kituo cha afya, na muuguzi aambiwe kuhusu naftalini.

Sasa, kama si naftalini, ni nini? Kwanza ni ukavu. Bukavu iko kwenye mita karibu 1,500, kando ya Ziwa Kivu, na mvua inanyesha kuanzia mwezi wa 9 hadi wa 5. Hewa ya ndani ikipita unyevu wa asilimia 65 ao 70, ukungu unaanza kuota. Kitambaa kilichopigwa pasi jioni na kufungwa ndani ya sashe kikiwa bado na mvuke kitatoka na madoa. Kiache kipoe usiku mzima. Sanduku liwe juu ya matofali, mbali kidogo na ukuta, maana sakafu na ukuta vinaleta maji, na mchwa pia.

Kitenge kipya kina wanga, ule unaokifanya kiwe kigumu. Mende na vile vidudu vya rangi ya fedha vinaufuata. Vipande vya kuhifadhi muda mrefu vifuliwe kwanza. Kitenge cha kuuza ao cha mahari, kusema kweli, hakuna atakayekubali kukifua, basi hicho kikaguliwe mara kwa mara.

Kuhusu plastiki, tazama namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya ndoo ao kasha. Namba 2, 4 na 5 hazina neno. Namba 3 ni PVC, iache: ikizeeka inatoa asidi na mafuta yanayonata kwenye kitambaa. Mifuko minene ya kung'aa yenye zipu, ile inayonuka plastiki kali, mara nyingi ni hiyo. Gunia la sukari lililofumwa ni namba 5 na linapitisha hewa, lakini lifuliwe vizuri, la sivyo panya watafika.

Katoni, magazeti na mbao tupu vinatoa asidi inayoacha mistari ya rangi ya chai kwenye mikunjo. Sanduku la bati ni zuri dhidi ya panya, ila kutu yake inakula pamba. Dawa ya vyote hivyo ni moja na haina bei: shuka ya zamani ya pamba, nyeupe, iliyofuliwa, itandikwe chini na pembeni kabla ya kupanga. Doa la kutu likishaingia, usimwagie javeli, linazidi kushika. Ndimu na chumvi vinasaidia kwenye kitambaa cheupe, ila kwenye rangi jaribu kwanza pembeni.

Kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 8, ndio wakati wa kutoa kila kitu nje. Anika kivulini, jua la mchana linapausha rangi. Ukikunja tena, badilisha mahali pa mkunjo, maana pale pale kila mwaka uzi unakatika.