Haki ya Maji Isiyotumiwa

Nilitakwa kusuluhisha ugomvi wa ndugu wawili wa hapa Kilosa. Marehemu baba yao aliwaachia shamba kando ya kijito kimiminikacho Mkondoa, pamoja na kibali cha kuchukua maji kwa mfereji. Mfereji umekwisha kufukiwa na mchanga, wala hapana aliyelima humo tangu mzee kufariki. Jirani yao wa chini, mwenye mpunga ukikauka, aliomba maji hayo. Ndugu mdogo akamwonyesha karatasi akasema: maji haya ni urithi wetu.

Maji si urithi kama mnazi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, maji yote ya nchi ni ya umma, na Rais ameyashika kwa amana. Maji ya kunywa na kupikia nyumbani hayahitaji kibali. Lakini mwenye kumwagilia shamba lake kwa mfereji sharti akipate kwa Bodi ya Maji ya Bonde. Nchi ina mabonde 9. Mkondoa, na Mkata upitao katika Hifadhi ya Mikumi, yamo katika bonde la Wami na Ruvu, ambalo bodi yake iko Morogoro. Ruaha Mkuu, ulio kusini, ni wa bonde la Rufiji. Na mwenye kibali asipoyatumia maji kwa lile alilopewa, bodi ina uwezo wa kumpunguzia au kumfutia kabisa. Kwani kipimo kilichoandikwa kwa jina la mtu huhesabiwa kuwa kimekwisha kutolewa, ijapokuwa maji yenyewe yapita bure, na mwombaji mwingine huambiwa hapana kilichobaki.

Je, hii ni dhulma? Ndivyo alivyodai yule kijana. Nikamkumbusha habari ya Bilal bin al-Harith al-Muzani (si Bilal mwadhini, kama wengi wadhanivyo). Bwana Mtume (S.A.W.) alimkatia ardhi ya al-Aqiq. Sayyidna Omar (R.A.) alipokuwa Khalifa alimwambia ashike awezayo kuilima, na iliyobaki airudishe. Bilal akakataa kurudisha alichopewa na Mtume mwenyewe. Omar akaitwaa ile iliyomshinda, akawagawia Waislamu. Na hukumu yake ni mashuhuri: mwenye kuizungushia ardhi mfu mipaka, kisha asiihuishe kwa miaka 3, hana haki tena. Hukumu hiyo ni ya ardhi, nami si mufti; lakini kwa maji naona jambo ni zito zaidi, maana Mtume ameyataja miongoni mwa vitu ambavyo watu ni washirika, na amekataza kuyazuia yaliyozidi.

Sisi wa Kilosa tunajua yatokayo watu wanapogombea ardhi na maji. Desemba 2000, katika mwezi wa Ramadhani, zaidi ya watu 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wakulima na wafugaji walipopambana.

Ndugu mkubwa amekubali waende Morogoro: ama wauzibue mfereji na kulima, ama wakirudishe kibali ili jirani aombe chake. Mdogo bado ameifungia karatasi ile sandukuni, na mvua za vuli ndizo hizo zakaribia.