Miwani ya Uhalisia Mseto: Jinsi ya Kuanza na Programu za Mfano

Mwanafunzi wa Bisibo, wilayani Biharamulo, akinyosha kidole mbele ya uso wake na kukitazama kwanza kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto, ataona kidole kinaruka kutoka shina moja la mgomba hadi jingine. Kuruka huko huujulisha ubongo umbali wa vitu. Mwaka 1838 Charles Wheatstone, Mwingereza, alilieleza jambo hilo kwa chombo kilichoonyesha kila jicho picha yake. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, Mmarekani, alieleza chombo cha kuvaliwa kichwani kilichochora mistari ya kompyuta juu ya chumba halisi. Miwani ya uhalisia mseto ni kizazi cha vyombo hivyo: mvaaji huona chumba alimo, na ndani yake huona pia vitu ambavyo havimo.

Anayetaka kuitungia miwani hiyo programu hana haja ya kuanza na ukurasa mtupu. Kanuni ya WebXR, itumikayo katika vivinjari vya intaneti, ina programu za mfano ambazo yeyote aweza kuzisoma na kuzibadili bila malipo. Wengi huuchukua mfano, wakabadili rangi, wakaridhika. Faida kubwa imo katika kuusoma mstari kwa mstari, kwa maana programu hizo zote zina uti wa mgongo mmoja.

Kwanza, programu huuliza kama chombo kipo. Kisha husubiri mtumiaji abonyeze kitufe, kwani ukurasa hauruhusiwi kumteka mtu macho bila ridhaa yake. Halafu huchagua nukta ya asili, kwa mfano sakafuni. Vipimo vyote ni mita. Mhimili wa Y huelekea juu, na mbele ya mtazamaji ni upande hasi wa Z. Hapa ndipo wanaoanza hukwama: mchemraba uliowekwa Z = 2 hauonekani, kwa kuwa umo nyuma ya kisogo. Ukiandikwa −2, hutokea mbele.

Baada ya hapo huanza mzunguko usiokoma. Katika miwani ionyeshayo picha 72 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 14 hivi. Kila mara programu huuliza kichwa kiko wapi, nayo hupewa jibu la kila jicho katika matriksi ya 4 kwa 4, yaani namba 16. Mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kuzungusha pembetatu kwa matriksi ya 2 kwa 2 amekwisha kuifanya kazi hii katika bapa. Kilichoongezeka ni mhimili wa tatu, pamoja na safu moja ya kuhamishia kitu mahali, jambo ambalo matriksi ya 2 kwa 2 haliwezi.

Kwa nini majibu mawili? Macho ya mtu mzima huachana kwa wastani wa milimita 63. Kitu kilicho umbali wa mita 2 huyafanya macho yakutane kwa pembe ya digrii 1.8, kikisogea hadi nusu mita, pembe hufika digrii 7.2. Macho yote mawili yakipewa matriksi moja, mchemraba hupoteza kina chake.

Hesabu nyingine ndiyo huamua kama mvaaji atashikwa na kichefuchefu. Kichwa kikigeuka kwa digrii 100 kwa sekunde, na picha ikachelewa milisekunde 50, kosa ni digrii 5. Mchemraba ulio mita 2 mbele utaonekana umeteleza sentimita 17. Ndiyo maana mtambo hautoi mahali kichwa kilipo, bali mahali unapokisia kitakuwapo picha itakapowaka.

Mara nyingine jibu halipatikani kabisa. Kamera za miwani hujua mahali zilipo kwa kushika alama za chumbani: pembe za madirisha, nyufa, picha. Ukuta mtupu uliopakwa chokaa jana, au chumba chenye giza, hauna cha kushikwa. Kwa hiyo programu ya mfano hupima kwanza kama jibu lipo ndipo ichore. Anayeufuta mstari huo kwa kudhani ni wa ziada, programu yake husimama ghafla. Darasani, ramani na michoro michache ukutani husaidia sana.

Shule isiyo na miwani yaweza kuanza kwa kompyuta ya kawaida yenye programu ya kuigiza miwani, ambamo kichwa husogezwa kwa kipanya. Hesabu zake ni zile zile, ila kizunguzungu hakionekani humo.

Shule iliyobahatika kuipata miwani yenyewe haina budi kulihofu jua. Lenzi zake hukusanya miale kama kioo cha kukuzia, nazo huweza kuiunguza skrini kwa muda mfupi mno. Biharamulo iko chini ya digrii 3 kusini ya Ikweta, na mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi. Miwani isiachwe dirishani wala uwanjani. Ikivuliwa, lenzi zifunikwe kwa kitambaa kizito na chombo kirudishwe kasháni mwake.