Bustani ya michungwa Kasongo

Chumba alicholala Sidney Hinde mjini Kasongo, mwezi Aprili 1893, kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15. Mlango wake mmoja ulifungukia bustani ya michungwa, na ng'ambo ya michungwa macho yalikwenda maili 5 bila kizuizi. Askari wa kawaida walilala kwenye vitanda vya kuchonga, juu ya magodoro ya hariri, chini ya vyandarua. Palikuwa na sukari, mishumaa, viberiti, bilauri za kioo na vikombe vya fedha, vitu ambavyo Hinde na wenzake walikuwa karibu kuvisahau. Hinde anaeleza kwamba kila alipoamka alishindwa kuamini kuwa yuko katikati ya Afrika, mpaka aone matundu ya risasi milangoni na doa jekundu ukutani.

Hinde alikuwa daktari katika jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kitabu chake kuhusu vita vya jeshi hilo na mabwana wa Kasongo kilitoka 1897. Nilikifungua nikitafuta habari za vita, nikanasa bustanini. Anataja machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi, kila upande unaogeukia. Anataja maghala yaliyojaa mchele, kahawa na mahindi. Yote haya Maniema, mashariki mwa Kongo, magharibi ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bagamoyo.

Msomaji wa Pangani au Lamu hahitaji kuelezwa nyumba ya namna hii. Anaujua ua wa kwake, anaujua mkomamanga wa bibi yake, anajua wali unavyonukia mchana. Mfanyabiashara anayepita njia haoteshi mkomamanga. Anayeuotesha amekusudia kukaa, kuzaa na kuzikwa hapo hapo. Watu wa Kasongo walikuwa wanaishi mjini, mji wa pwani kwa kila kitu isipokuwa bahari.

Kisa chenyewe kinajulikana. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, mfanyabiashara aliyekuwa bwana wa Kasongo, aliondoka mwaka 1890 kurudi Unguja, akamwachia mwanawe Sefu madaraka. Vita na Wabelgiji vikazuka 1892. Mji wa Nyangwe ulianguka Machi 1893, na tarehe 22 Aprili jeshi la Leopold, likiongozwa na Francis Dhanis, likaingia Kasongo.

Basi sauti tuliyo nayo ya ndani ya nyumba zile ni ya mtu aliyeingia na bunduki. Daktari huyu anahesabu vizuri. Pembe za ndovu zilizotekwa, anasema, zilifika tani 25 hivi. Baruti tani 10 au 11. Anapima chumba, anaonja matunda, anatofautisha chungwa tamu na chungu. Lakini aliyeitekea maji ile michungwa ilipokuwa miche haonekani katika hesabu yake. Aliyetwanga mchele wa maghala yale hana jina wala umbo.

Tunajua alikotoka. Alitoka vijiji vya Maniema, ambako watu walitekwa wakatiwa minyororo. Msafiri David Livingstone, aliyekaa Kabambare muda mrefu akiuguza vidonda vya miguu, alifika Nyangwe mwaka 1871. Tarehe 15 Julai aliona watu wa wafanyabiashara wakiwamiminia risasi wanawake waliokuja sokoni. Mamia walikufa, wengi wakizama katika mto Lualaba walipojaribu kukimbia. Ustaarabu wa hariri na komamanga ulisimama juu ya mabega ya ndugu wa wanawake hao. Mimi niliyelelewa kuuonea fahari mji wa Waswahili siwezi kuisifu bustani nikaruka jambo hili.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Mabwana waliuawa, walikimbia au walisalimu amri. Mji haukufa. Ulihama: Kasongo ya leo haiko pale palipopiganiwa, na mji wa zamani umebaki Tongoni, ambako Noemie Arazi na watafiti wenzake wa Kongo wamefanya uchimbaji wa mambo ya kale na kukusanya kumbukumbu za wenyeji. Waliouendeleza ni watu wa Maniema wenyewe: Wakusu, Wazimba, Wabangubangu. Ijumaa utaona kanzu na kofia zikielekea msikitini. Mpunga unalimwa, samaki wanatoka Lualaba, wali unaliwa kwa sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa mawese. Anayetoka Wamaza, ndani ya Maniema, akisukuma baiskeli ya mizigo anapatana bei kwa Kiswahili, na akifiwa anapewa pole kwa Kiswahili. Walipita Wabelgiji, ikaja 1964 na waasi wake wa Simba, vikaja vita vya 1996 na 1998. Lugha ile haikuondoka.

Iliwezekanaje waliodhulumiwa na mji ule wakaufanya wao? Je, mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa bwana wanakumbuka mambo yale yale wakikaa safu moja msikitini? Mwanamke aliyeachwa ndani ya nyumba ile yenye chumba cha futi 80, siku Sefu alipokimbia, alikwenda wapi? Hinde hajibu. Wala sidhani aliwahi kuuliza.

Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na tunayasoma hadi leo. Hinde aliandika yake kwa Kiingereza. Bwana ana kitabu na mshindi ana kitabu. Mpanda michungwa hana. Vyuo vyetu vya Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi vinavyofundisha historia ya Waswahili vina deni Kasongo: kwenda kuwasikiliza wazee wa huko na kuyaandika wanayoyajua katika lugha waliyoihifadhi wao. Anayeihesabu miji ya Waswahili na kuishia Ujiji amewaacha nje walioilipia gharama kubwa kuliko wote.