Jua la Pwani, Milima ya Uluguru

Mtu asimamaye Mikese, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inaukaribia mji wa Morogoro, na ambapo Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa pwani mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, ina stesheni yake, huitazama milima ya Uluguru ikiwa imejitanda mawingu upande wa kusini-magharibi, na aghalabu fikra ya bahari haimjii kabisa. Lakini mawingu yale ni mali ya bahari. Upepo uvumao kutoka Bahari ya Hindi hupita juu ya nyanda za pwani pasina kizuizi kikubwa, ukafika kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, ukalazimika kupanda, ukapoa na kumwaga mvua ambayo mahali pengine huzidi milimita 2,500 kwa mwaka. Na mvua hiyo ndiyo iulishayo mto Ruvu, ambao huteremka tena hata ukaingia baharini katikati ya mikoko, karibu na Bagamoyo. Kwa hiyo mwenye kutaka kustarehe kwa mandhari ya pwani yetu na kuyapiga picha, nampa shauri kwamba aanze kwa kuujua mwendo huu wa upepo na maji, maana picha iliyo njema hutokana na ujuzi wa mahali kabla haijatokana na kamera.

Wengi hudhani kuwa maadamu nchi ina jua tele, basi na picha njema ni tele. Mambo hayako hivyo. Sisi tulio karibu na ikweta tuna jua lipandalo karibu wima, nyuzi 15 kila saa, hata mwanga ule wa ubavuni, unaochora kila kikunjo cha mchanga na kila bonde la mlima, hautupi wasaa wa zaidi ya saa moja hivi baada ya mawio, na kadiri hiyo hiyo kabla ya machweo. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hutusimamia utosini hapa Mikese, na kivuli cha mti kikabaki chini ya matawi yake tu. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa Ulaya, ambako jioni ya kiangazi hujikokota kwa saa nyingi, na mwenye kuvifuata neno kwa neno atafika ufuoni mwanga umekwisha kwenda zake. Milima hii nayo, kwa kuwa iko magharibi yetu, huangaziwa uso asubuhi, jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha. Alasiri husalia umbo jeusi tu, ambalo nalo lina haiba yake kwa ajuaye kulitumia.

Ukali wa jua hili ulionekana tangu mwanzo. Mwaka 1860, James Augustus Grant, aliyefuatana na John Hanning Speke katika safari ya kuitafuta asili ya mto Nile, alipiga picha Unguja, lakini walipokwisha kuvuka kuja bara kamera ilirudishwa, kwa sababu kazi ya kusafisha picha ndani ya hema dogo lililofungwa, katika joto la nchi hii, ilikuwa karibu imuue; Grant akashika brashi na rangi za maji badala yake. Leo kijana aliye na simu mfukoni hana haja ya hema wala dawa, na hiyo ni neema ambayo yafaa tuitumie kwa makini.

Ufuoni liko jambo la pili, nalo ni maji. Wavuvi wa pwani huhesabu siku zao kwa bamvua na maji mafu: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Katika mwambao wa Bagamoyo, Dar es Salaam na Unguja, siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Ndipo ilipo taabu ya mpiga picha, kwani bahari huvua nguo zake, ikaonyesha miamba, madimbwi na watu waendao kuokota kombe na kushughulikia mwani, wakati ambapo jua limekwisha panda na vivuli vimekuwa vikali. Siku chache baadaye, karibu na maji mafu, kupwa huangukia alfajiri na alasiri, ingawa maji hayaendi mbali kama awali. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Basi mwenye subira, akiitazama kalenda ya mwezi, ataipata siku ambayo maji na mwanga vinaridhiana, na siku moja ya namna hiyo ina thamani kuliko juma zima la kubahatisha. Siwezi kusisitiza hili vya kutosha, kwa sababu wageni na wenyeji wa bara huenda pwani wakifuata sikukuu na mwisho wa juma, wala hawaulizi habari za mwezi.

Mchanga mweupe nao huihadaa kamera, ambayo huukadiria mwanga kana kwamba dunia yote ni ya kijivu, ikaupiga ufuo weusi usiokuwa wake na kuzizamisha gizani nyuso za watu wetu. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa kusudi, au kwenye simu kugusa uso wa mtu kabla ya kupiga. Baada ya kazi, chumvi ifutwe kwenye lenzi kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo maji matamu, na mchanga upulizwe kwanza, kwa kuwa ukifutwa hukwaruza kioo.

Ama kuhusu majira, mimi nauchagua mwezi wa Juni. Masika imekwisha osha hewa na kusi inavuma, na majani ya nyika bado yana rangi. Kuanzia Septemba moshi wa mioto ya nyika huwa mwingi hata Uluguru yenyewe hufifia. Wanyama, kinyume chake, huonekana vyema zaidi kadiri kiangazi kinavyokaza na majani yanavyopungua. Hilo hudhihirika katika hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230 na mbuga pana ya Mkata, ambayo barabara kuu ya kwenda Iringa imeikata, hata abiria wa basi akawaona tembo na twiga pasi na kulipa kiingilio. Saadani, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina shani nyingine: nyika yenyewe hufika baharini, mto Wami huleta viboko na mamba hadi karibu na maji ya chumvi, na kasa hupanda ufuo wa Madete kutaga mayai. Huko taa ya kamera isiwashwe usiku hata kidogo, kwani mwanga humfukuza kasa arudi majini kabla hajataga, na makinda yaliyoanguliwa huufuata yakapotea njia ya bahari.

Lingine ni adabu. Mvuvi avutaye jarife na mama wa Kiluguru ateremkaye mlimani na mzigo wa ndizi si sehemu ya mandhari. Wasalimiwe kwanza, waombwe ruhusa, na wakikataa kamera ishushwe. Aliyeridhia apewe nakala ya picha, iliyochapwa kwenye karatasi, si ahadi. Kadhalika madaraja na kambi za askari ziachwe.

Na kila picha iandikwe mahali, tarehe na hali ya maji. Msitu wa Uluguru, ambao sehemu yake kubwa ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, ungali unasogelewa na mashamba, na mikoko ya Ruvu ingali inakatwa. Apigaye mteremko ule ule kutoka stesheni ya Mikese kila Juni, na mlango ule ule wa mto kila bamvua la mwezi huo, atakuwa baada ya miaka 10 na kitu ambacho maofisa wa misitu na walimu wa shule watakihitaji.