Kikinzani: Mlinzi Mdogo wa Taa na Redio

Mwanafunzi wa sekondari anapojaribu kwa mara ya kwanza kutengeneza taa kwa mikono yake mwenyewe, mara nyingi mambo huenda hivi. Nyumbani kuna betri ya volti 12 inayotiwa nguvu na sola. Kijana hununua taa ndogo ya dayodi, ile ambayo madukani huitwa LED, akaiunganisha na betri moja kwa moja kwa nyaya mbili. Taa hutoa mwanga mkali kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha huzimika isiwake tena. Kijana husema kwamba mwenye duka amemwuzia taa mbovu. Baba yake, ambaye ndiye aliyetoa fedha, husema kwamba mambo ya umeme si ya watoto, na kwamba betri ile isiguswe tena.

Wote wawili wamekosea. Taa ilikuwa nzima, wala kijana hakukosa akili. Kilichokosekana ni kipande kimoja kidogo, ambacho bei yake ni ndogo kuliko vyote vilivyonunuliwa siku ile. Kipande hicho huitwa kikinzani, na mafundi hukiita rezista. Hakitoi mwanga wala sauti, na mtu akikitazama hawezi kujua kama kinafanya kazi au kimelala. Lakini bila yeye mlinzi huyu, vipande vingine haviwezi kuishi.

MAJI HUFUATA MKONDO

Mkulima aliyewahi kuchimba mfereji wa kumwagilia shamba hana haja ya kuogopa somo hili, kwa kuwa tayari analijua nusu yake. Tangi likiwekwa juu ya kilima, maji hushuka kwa nguvu. Likiwekwa chini, nguvu hupungua. Nguvu hiyo ya kusukuma ndiyo mfano wa volti. Maji yapitayo katika bomba kwa kila dakika ni mfano wa mkondo wa umeme, ambao hupimwa kwa ampea. Na wembamba wa bomba, unaoyazuia maji yasipite kwa wingi, ni mfano wa ukinzani, ambao hupimwa kwa omu.

Tofauti moja yapasa kukumbukwa. Maji yaweza kumwagika shambani yasirudi tena, lakini umeme hauna budi kurudi ulikotoka. Hutoka upande mmoja wa betri, hupita katika waya na taa, kisha hurudi upande wa pili. Njia hiyo kamili ndiyo iitwayo saketi. Ikikatika mahali popote, hata kwa upana wa unywele, mkondo husimama pote.

MWALIMU ALIYEGUNDUA KANUNI

Mtu aliyeonyesha jinsi mambo haya matatu yanavyofungamana alikuwa mwalimu wa shule. Jina lake ni Georg Simon Ohm, aliyezaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli, na ufundi huo ulimfaa sana mwanawe, kwani vyombo vingi vya majaribio yake alivitengeneza mwenyewe. Alipokuwa akifundisha mjini Cologne alipima mikondo katika nyaya za urefu na unene mbalimbali, na mwaka 1827 alichapisha kitabu chake.

Wakubwa wengi wa elimu nchini mwake hawakukipokea vema kitabu hicho, na Ohm aliacha kazi yake ya Cologne akakaa miaka kadhaa bila cheo cha kumfaa. Heshima ilimfikia baadaye kutoka ng'ambo, hapo mwaka 1841 chama cha wataalamu cha Royal Society cha London kilipompa nishani ya Copley. Leo jina lake hutajwa kila siku katika madarasa ya fizikia, maana kipimo cha ukinzani kimeitwa kwa jina lake.

Kanuni yenyewe ni fupi: ukigawanya volti kwa omu, utapata ampea.

HESABU YA TAA MOJA

Sasa na irudiwe taa ya yule kijana. Taa nyeupe ya namna hii hutaka volti 3 hivi, na mkondo wake usizidi ampea 0.02. Betri ina volti 12. Basi volti 9 zilizobaki lazima zipate mahali pa kutumika, na mahali hapo ndipo pa kikinzani. Volti 9 zikigawanywa kwa ampea 0.02, jibu ni omu 450.

Lakini fundi mwangalifu haishii hapo. Betri ya volti 12 inapotiwa nguvu na jua la mchana, volti zake huweza kupita 14. Akihesabu volti 14.4, akatoa 3 za taa, zitabaki 11.4, na hizo zikigawanywa kwa ampea 0.02, jibu ni omu 570. Vikinzani vya madukani vina vipimo maalumu, na kilicho karibu ni cha omu 560. Joto nalo lazima lihesabiwe: volti 11.4 mara ampea 0.02 ni karibu robo ya wati. Kwa hiyo yafaa kuchagua kikinzani cha nusu wati, kisije kikaungua.

Kukitambua si kazi ngumu, kwa kuwa kipimo kimeandikwa kwa rangi. Nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, ya machungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8 na nyeupe 9. Katika kikinzani chenye mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, na wa tatu ni idadi ya sufuri. Basi kijani, buluu na kahawia ni 5, 6 na sufuri moja, yaani omu 560. Mstari wa nne ukiwa wa dhahabu, maana yake kipimo chaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 5.

TAA TATU KWA MKONDO WA MOJA

Hapa ndipo hesabu inapoleta faida. Katika saketi ile ya kwanza, sehemu kubwa ya nguvu ya betri imepotea kuwa joto tu. Lakini taa tatu zikifungwa kwa kufuatana, moja nyuma ya nyingine, zitatumia volti 9, na kikinzani kitabakiwa na kazi ndogo. Kwa betri iliyofika volti 14.4 zitabaki volti 5.4, na kikinzani cha omu 270 kitatosha. Mkondo hautazidi ule wa taa moja, lakini chumba kitapata taa tatu.

Kufunga kwa kufuatana kuna hasara yake pia: taa moja ikikatika, zote huzimika. Ndiyo sababu taa za vyumba mbalimbali hufungwa kwa sambamba, kila moja ikiwa na njia yake ya kwenda na kurudi.

NDUGU ZAKE KATIKA REDIO

Kikinzani hakikai peke yake. Dayodi huruhusu mkondo kupita upande mmoja tu, kama mlango usiofunguka kwa ndani. Ndiyo maana taa ya LED ikigeuzwa haiwaki. Kapasita ina mabamba mawili yaliyotengwa, nayo huweka akiba ya umeme na kuitoa baadaye. Kapasita kubwa huweza kumrusha mtu hata baada ya chombo kuzimwa.

Transista ina miguu mitatu, na mkondo mdogo katika mguu mmoja hutawala mkondo mkubwa kati ya miguu miwili mingine. Kwa njia hiyo sauti dhaifu iliyonaswa na waya wa redio hukuzwa hata isikike nyumbani mote. John Bardeen na Walter Brattain waliionyesha transista ya kwanza huko Marekani mwaka 1947, na mwaka 1956 walipewa tuzo ya Nobel pamoja na William Shockley.

Kabla ya hapo redio zilitumia valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyokula betri nyingi. Mwaka 1949 ilitolewa katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, redio ya bei nafuu iliyoitwa Saucepan Special, kwa kuwa umbo lake lilifanana na sufuria. Betri yake ilidumu kwa saa 300 hivi, kisha mwenyewe alilazimika kununua nyingine. Transista ndiyo iliyopunguza mzigo huo.

ONYO NA SHAURI

Majaribio ya mwanafunzi na yafanywe kwa betri ndogo. Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni wa volti 240, nao huua. Hata betri ya volti 12 haina mzaha: nyaya zake mbili zikigusana bila kitu katikati, huweza kuwa nyekundu kwa moto na kuunguza nyumba. Kwa sababu hiyo fyuzi iwekwe karibu na betri kabla ya kitu kingine chochote.

Na baba aliyekataza betri isiguswe, afanyeje? Ampe mwanawe kalamu na karatasi kwanza, amwombe aonyeshe saketi yake, volti zilizobaki, na omu zinazotakiwa. Akiweza kuonyesha hayo, apewe fedha za taa tatu na kikinzani kimoja. Usiku ule nyumba itapata mwanga wa kusomea, na kijana atakuwa amejua kwamba mwenye duka hakumdanganya.