Wiki Iliyopita Alikuwaje?

Mzee akifikishwa hospitali akiwa amezubaa, hajui leo siku gani, anavutavuta shuka na kumwita marehemu mkewe, kuna maneno ambayo wengi wetu wahudumu huyasema, au huyafikiri: "Ni uzee tu." Husemwa bila ubaya, mara nyingine kwa huruma kabisa. Lakini yakishatamkwa, hakuna anayeuliza tena, na hapo ndipo mgonjwa anapopotea.

Uzee haumvurugi mtu akili kwa siku mbili. Demensia, ule ugonjwa wa kusahau, huingia taratibu kwa miezi na miaka. Akili iliyokuwa timamu Jumatatu ikavurugika Jumatano ni jambo jingine: kitaalamu huitwa deliriamu, nayo ni dharura. Karibu kila mara kuna chanzo mwilini: nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, mkojo uliozibwa na tezi dume, choo kigumu cha siku kadhaa, sukari iliyoshuka, au dawa tulizompa wenyewe. Tena mwili wa mzee haupigi kelele kama wa kijana. Anaweza kuwa na nimonia bila homa kali wala kikohozi, mkaona tu kwamba ameanguka, au amekataa uji.

Wapo pia wanaonyamaza. Anayefoka usiku kucha hupata daktari. Aliyelala kimya kutwa, asiyemsumbua mtu, huandikwa "ametulia" kwenye ripoti ya zamu. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kipimo chochote, mgeukie ndugu yake umuulize: wiki iliyopita alikuwaje? Akikujibu kwamba Ijumaa bibi alipepeta uwele mwenyewe na kudai chenji yake dukani, umeshajua kwamba hali uliyonayo mbele yako si uzee.

Kwa huku Dodoma, kumhoji mzee mwenyewe kuna ugumu wake. Vijijini Chamwino, Bahi na Mpwapwa, wazee wengi Kigogo ndiyo lugha yao ya moyoni. Ukienda Kondoa utakuta Kirangi, na Chemba wapo Wasandawe. Muuguzi aliyepangiwa kazi kutoka Mbeya au Bukoba anauliza kwa Kiswahili cha haraka, bibi anamtazama tu, faili linaandikwa "hajitambui". Nimeona bibi wa namna hiyo akigeuza kichwa na kujibu vizuri mara tu mhudumu wa usafi alipomsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Kisha kuna macho. Kongwa ni moja ya maeneo yaliyochunguzwa sana duniani kuhusu trakoma, tangu miaka ya 1980, na wanawake wazee ndio waliobeba zaidi athari zake: kope zilizopinda ndani, kioo cha jicho chenye makovu. Mlaze mtu kama huyo kwenye wodi asiyoijua, fimbo yake imebaki nyumbani, masikio yamejaa nta, halafu umwandike kuwa "hana ushirikiano".

Usiku ndipo mambo huharibika. Muuguzi mmoja ana wodi nzima, mzee anataka kushuka kitandani, basi anafungwa mikono kwa bandeji au anachomwa diazepamu. Simlaumu muuguzi huyo peke yake, maana aliyepanga zamu naye ana sehemu yake. Hata hivyo diazepamu kwa kawaida huzidisha deliriamu ya mzee, na kumfunga humzidishia hofu. Mpira wa mkojo uliowekwa ili asilowanishe shuka huleta maambukizi yaleyale tunayopambana nayo.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yao kwa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili liliongezewa vitu vya kawaida kabisa: miwani, maji ya kunywa, kutembezwa, kuongeleshwa, usingizi usiovurugwa. Deliriamu iliwapata asilimia 15 ya kundi la kwanza, na asilimia 9.9 ya kundi la pili. Hakuna mashine hapo ya kusubiri bajeti ijayo.

Kutembezwa nako si anasa. Wazee wenye afya njema waliojitolea kulala kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Daktari Marjory Warren aliligundua hilo mapema: mwaka 1935, katika hospitali ya West Middlesex huko London, alikabidhiwa mamia ya wagonjwa waliohesabiwa kuwa wa kulala tu mpaka kufa. Akampima kila mmoja upya, akawainua, na wengi wakaweza kutembea, wengine wakarudi makwao.

Sisi tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, inayomtambua mzee kuanzia miaka 60, na tuna dirisha la wazee na mabango ya kuwapisha foleni. Ni vizuri. Ila heshima yetu huishia mapokezi. Tunamwamkia mzee shikamoo, kisha tunamgeukia mwanawe na kujadili mguu wake, dawa zake na kifo chake juu ya kichwa chake, kana kwamba hayupo.

Wewe unayemleta mzazi wako, usisubiri kuulizwa. Njoo na dawa zake zote, hata za mitishamba na za duka la dawa, pamoja na miwani na fimbo. Na ukiambiwa ni uzee tu, sema kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika: "Daktari, wiki iliyopita hakuwa hivi." Kisha omba iandikwe kwenye faili.