Kuwinda bata mzinga mwitu Marekani: Mambo ambayo anayeanza lazima ayajue kabla ya kushika bunduki

Ni saa 11 na nusu alfajiri, katikati ya Aprili, kwenye msitu mmoja wa Kentucky. Giza bado ni nene. Mwindaji ameshaketi chini, mgongo umeegemea mti mkubwa, simu imezimwa sauti. Haongei, hakohoi.

Kama dakika 45 baadaye, juu ya miti ng'ambo ya bonde, inasikika: gologologolo! Huyo ni bata mzinga dume, bado yuko kwenye tawi alikolala, anawaita majike. Sauti hiyo siku tulivu husikika mbali, hata zaidi ya kilomita moja.

Hapo ndipo wengi wanaoanza hukosea. Wanainuka na kuifuata sauti. Kwanza wanamkosa ndege. Pili, na hili ndilo zito, wanaweza kupigwa risasi.

Si yule wa kufugwa

Bata mzinga wa bandani anajulikana Afrika Mashariki: mzito, mpole, anasubiri pumba. Yule wa porini Marekani ni kitu kingine. Ni spishi ileile, lakini wa kufugwa wametokana na bata mzinga wa Mexico waliofugwa na wenyeji wa huko karne nyingi kabla Wahispania hawajawapeleka Ulaya. Wa porini hajawahi kuzoea mtu.

Dume mzima ana uzito wa kilo 7 hadi 11 hivi. Jike ni karibu nusu yake. Pamoja na uzito huo, anakimbia hadi kilomita 40 kwa saa, na akiamua kuruka ana kasi kuliko bodaboda. Usiku halali chini, analala juu ya miti.

Silaha yake kubwa ni macho. Anaona rangi, na kwa kuwa macho yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka. Kunusa ni dhaifu, kwa hiyo mwindaji hana haja ya kuhangaika na upepo kama anayewinda paa. Ila akijikuna pua tu wakati dume yuko mita 50, habari imeisha.

Ndege huyu alikaribia kutoweka. Mwanzoni mwa karne ya 20, uwindaji usio na mpaka na ukataji wa misitu vilimmaliza katika majimbo mengi. Mwaka 1937 Marekani ilipitisha sheria ya kuelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye wanyamapori, kisha maofisa wakaanza kuwanasa ndege waliobaki kwa nyavu zinazofyatuliwa kwa baruti na kuwahamishia misitu mingine. Leo wako mamilioni. Ndiyo maana sheria zake ni kali: hakuna anayetaka kurudi kule.

Karatasi kwanza

Kwa mtu aliyehamia Marekani, wakiwemo maelfu ya Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopewa makazi Kentucky, Texas na kwingineko, hapa ndipo pa kusoma taratibu.

Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeko nchini humo bila kibali kumiliki bunduki au risasi. Aliye na viza ya muda, mfano ya masomo au utalii, naye kwa kawaida amekatazwa, ingawa kuna msamaha kwa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mkazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi, anaruhusiwa, mradi hana kizuizi kingine kama hukumu ya kosa kubwa la jinai.

Na kumiliki si lazima uwe umenunua. Kuazimwa na rafiki wa kazini kwa asubuhi moja kunatosha kuhesabiwa kuwa umeishika. Kosa la bunduki linaweza kuharibu kesi ya uhamiaji ya mtu aliyeisubiri kwa miaka. Mwenye shaka yoyote amuulize mwanasheria wa uhamiaji kwanza, asiulize kwenye kundi la WhatsApp.

Baada ya hapo inakuja leseni ya jimbo na kibali cha bata mzinga. Majimbo mengi yanadai pia cheti cha kozi ya usalama wa uwindaji. Kentucky inakidai kwa aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye. Texas kwa aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye. Sehemu kubwa ya kozi inasomwa mtandaoni. Majimbo kadhaa yana leseni ya mwanafunzi, inayomruhusu mgeni kuwinda kabla ya kozi akiwa na mtu mzima mwenye leseni. Kwa anayeanza, hii ndiyo njia nzuri kuliko zote, maana unajifunza pembeni ya mtu anayejua.

Kila jimbo lina tarehe zake. Florida kusini huanza mapema Machi. Majimbo ya kaskazini huendelea hadi Mei. Kentucky hufungua Jumamosi iliyo karibu zaidi na Aprili 15, kwa siku 23 mfululizo. Pennsylvania, katika wiki za kwanza za msimu, mwindaji anatakiwa kuacha ikifika saa sita mchana. Kumwaga mahindi ili ndege wakusanyike ni marufuku katika majimbo mengi, na kutumia spika ya simu kucheza milio ya ndege vilevile.

Dume au jike?

Msimu wa kuchipua ni wa madume. Majike wakati huo wanataga na kuatamia, na kumuua mmoja ni kuua kizazi kizima. Majimbo mengi huandika sheria kwa kutaja ndevu: anayeruhusiwa ni ndege mwenye ndevu.

Ndevu zenyewe si za kidevuni. Ni kishungi cha manyoya magumu kama nywele za farasi kinachoning'inia kifuani. Dume mzima pia ana kipi mguuni, kama cha jogoo, na mwili mweusi unaong'aa kama shaba jua likimpiga. Kichwa chake hakina manyoya na hubadilika rangi: chekundu, cheupe, buluu. Jike ana rangi ya udongo na kichwa cha kijivu.

Kuna mtego hapo. Majike wachache nao huota ndevu. Majimbo mengine yanaruhusu kuwapiga kwa kuwa sheria inasema ndevu tu, lakini wawindaji wengi wenye uzoefu huwaacha wapite.

Kuita bila kupayuka

Uwindaji huu kwa kweli ni uigizaji. Porini, dume anaguruma na jike ndiye anayemfuata. Mwindaji anageuza mambo: anaigiza jike anayejivuna, ili dume ndiye aje.

Vifaa vya kuitia viko vya aina nyingi. Kisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachosuguliwa ndicho rahisi kuliko vyote. Mtu anaweza kukimudu jioni moja. Kuna kibamba cha mviringo kinachosuguliwa na kijiti, kitamu kusikiliza lakini kinahitaji mikono miwili. Na kuna utando mdogo unaowekwa mdomoni, ambao unaacha mikono huru kwa bunduki. Huo wa mdomoni unachukua wiki kadhaa kuuzoea na majirani watalalamika.

Anayeanza anahitaji milio miwili tu: kyo-kyo-kyo ya jike anayeita, na kok fupi ya jike aliyetulia anayekula. Kosa kubwa ni kuita kupita kiasi. Dume akishajibu na kuanza kusogea, mwindaji anyamaze. Akiendelea kupiga kelele, dume anasimama palepale na kusubiri jike aje kwake, kama ilivyo desturi yao. Kimya ndicho kinachomtia wasiwasi hadi aje kuangalia mwenyewe.

Subira hapa si maneno. Mara nyingi dume huguruma alfajiri, huteremka, huenda na majike wake na kunyamaza kabisa. Wageni hukata tamaa saa mbili asubuhi na kurudi kwenye gari. Saa nne hivi majike huondoka kwenda kwenye viota, dume anabaki peke yake, anakumbuka ile sauti ya alfajiri. Aliyebaki amekaa ndiye anayemwona.

Rangi zinazoua

Sasa lile zito. Katika uwindaji mwingi Marekani, mtu huvaa fulana ya rangi ya chungwa kali ili aonekane. Kwa bata mzinga wakati wa kuchipua, majimbo mengi hayalazimishi, kwa sababu ndege huyu anaona rangi hiyo vizuri. Matokeo yake msitu unajaa watu waliovaa mabakamabaka kuanzia kofia hadi glavu, wamefunika nyuso, wanalia kama majike, katika mwanga hafifu. (Tanzania na Kenya mavazi ya aina hiyo yangekupeleka kituoni, huku yanauzwa supamaketi.)

Ajali nyingi za uwindaji huu ni za mwindaji kumpiga mwindaji mwenzake akidhani ni ndege. Aliyepiga alisikia sauti ya kweli, akaona kitu chekundu kikitikisika vichakani, akili ikamalizia picha iliyobaki.

Kwa hiyo nyekundu, nyeupe na buluu hazivaliwi, hata soksi, hata leso ya mfukoni. Ni rangi za kichwa cha dume. Mgongo uegemee mti mpana kuliko mabega, unamkinga mtu na anayetokea nyuma. Sauti ya dume haifuatwi kwa kunyemelea, kwa sababu inaweza kuwa ni mtu. Na kujificha nyuma ya mkia wa bata mzinga uliotandazwa huku ukitambaa, mtindo uliopata umaarufu kwenye video, ni kujitangaza kuwa shabaha. Baadhi ya majimbo yameupiga marufuku.

Akitokea mwindaji mwingine, asipungiwe mkono na asipigiwe mlio. Mkono unaopunga unaonekana kama ndege. Asemeshwe kwa sauti kubwa ya kawaida: "Niko hapa!" Ndege atakimbia, na akimbie.

Risasi moja

Bunduki inayotumika ni shotigani ya geji 12 au 20, inayorusha marisau, na shabaha ni kichwa na shingo. Kumpiga mwilini ni kumjeruhi akafie mbali, maana manyoya na mifupa ya bawa huzuia.

Umbali wa kawaida ni yadi 40, karibu mita 37. Anayeanza abaki chini ya mita 30. Kabla ya msimu apige karatasi yenye mchoro wa kichwa cha ndege akiwa umbali huohuo, ahesabu marisau mangapi yamefika. Bunduki mbili za duka moja zinaweza kutawanya tofauti kabisa, na wanaopuuza zoezi hili hugundua hilo dume akiwa mbele yao. Akishakaa chini ya mti, achague kichaka au jiwe la mita 30 kama mpaka. Macho yadanganyika sana alfajiri.

Bunduki hunyanyuliwa wakati kichwa cha ndege kiko nyuma ya mti, si wakati anatazama. Na kabla ya kidole kugusa kifyatuo, mwindaji awe ameona ndevu zenyewe, na kujua kuna nini nyuma ya ndege. Kama hajaziona, hapigi.

Ndege akianguka, kufuli ya usalama inarudishwa ndipo mtu anasogea. Bado anaweza kupiga mabawa na kukwaruza kwa vile vipi vya miguuni. Kisha kumbukumbu: Kentucky inataka aliyepata ndege aandike palepale, na aripoti kwa simu au mtandaoni kabla ya saa sita usiku siku hiyohiyo. Akitoka msituni, amfunge kitambaa cha chungwa. Kumbeba begani dume wa kilo 9 mwenye kichwa chekundu kinachoning'inia ni kumwalika mtu afyatue.

Nyumbani, kabla ya kuoga, mwili wote ukaguliwe kupe. Msimu huu ndio wao, na baadhi hueneza ugonjwa wa Lyme.

Jikoni

Asichomwe mzima kama yule wa Sikukuu ya Shukrani. Wa porini hana mafuta, atakauka kama ubao. Kifua kinakatwa vipande vyembamba na kukaangwa haraka. Mapaja na miguu, ambayo Wamarekani wengine huitupa kwa ugumu, aliyekulia kwenye kuku wa kienyeji anajua la kufanya: chumvi, tangawizi, kitunguu, moto mdogo saa tatu, mpaka nyama iachie mfupa.